Guta moja kwa maduka sita: mradi wa Moshi mjini ulipofikia

Maduka sita ya jirani na Soko la Mbuyuni (mawili ya vyakula, bucha, la mikate, la vifaa vya ujenzi na wakala wa gesi) sasa yanapeleka mizigo kwa guta moja la kukanyaga (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), badala ya kila mteja kuja na gari lake kuzunguka akitafuta pa kuegesha.

Kilichosumbua zaidi ni muda. Oda hufungwa saa sita mchana, na oda za haraka hazipokelewi kabisa. Zilipokuwa zikipokelewa, duka lilimwita bodaboda: pikipiki ikaongezeka barabarani, na guta likatoka nusu tupu. Anayetaka kilo ya sukari sasa hivi aifuate mwenyewe, kwa miguu ikiwezekana.

Kila mteja ana namba, na duka huiandika kwa kalamu ya maka kwenye mfuko. Saa saba mifuko yote hukusanywa kwenye stoo ya duka moja. Anayeshushiwa mwisho hupakiwa kwanza. Kitanda cha guta ni sm 120 kwa 80, hivyo kreti za sm 60 kwa 40 hukaa nne chini na nne juu. Trei za mayai juu kabisa. Nyama kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu. Mtungi wa gesi husimama wima, umefungwa kwa mpira wa tyubu, wala haulazwi hata kama nafasi imebana. Mafuta ya taa yasikae karibu na unga. Harufu hupenya mfuko.

Kwa mlima, Moshi haidanganyi. Shanty Town, wanakoishi wengi wenye magari, ni kupandisha. Pasua ni kuteremka. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza, wa juu, una ukomo wa kilo 80, na wa pili, wa Pasua, kilo 150. Tuliacha kuchanganya njia hizo mbili. Guta likizidishiwa mzigo, spoki za nyuma hukatika kwenye kona, kwa sababu magurudumu matatu hayalali upande kama baiskeli na uzito wote husukuma rimu kwa ubavu. Spoki nene za pikipiki zinahimili, ila kitovu cha gurudumu zinakoshikiziwa nacho kibadilishwe.

Malipo huenda moja kwa moja kwenye Lipa Namba ya kila duka kabla guta halijatoka. Nauli ya guta hulipwa kando. Mwendeshaji habebi chenji.

Kuhesabu mifuko hakutoshi kujua kama magari yamepungua. Kila oda mpya huulizwa: ungekuja na nini? Anayejibu daladala au miguu hahesabiwi, hata akiagiza kila siku. Kinachofuata ni breki ya pili ya nyuma kwa ajili ya mteremko wa Pasua, kisha duka la saba.