Ule mkono wa kulia

Jana usiku mwanangu kanijia na karatasi ya shule, imechorwa sura nane, moja inacheka, moja inalia, moja imenuna, akaniuliza, "Mama, we leo ni ipi?" Nikaitazama weee, mwisho nikamwambia nimechoka. Akasema, "Kuchoka hakupo humu."

Usingizi ukakata hapo hapo. Mawazo yakanirudisha kwa kaunsela, ule mwaka mama alipotutoka.

Kwanza sikwenda kwa ajili ya msiba, nilienda kwa ajili ya tumbo. Miezi minne linakaza tu, nimepimwa kila kitu, majibu safi, dokta wa mwisho ndo akanielekeza kule. Dada alikuwa anapiga simu sipokei, nikiona jina lake tu tumbo linabana, najiambia niko bize, narudi kwenye kazi mpaka usiku wa manane. Chochote kikinibana dawa yangu ilikuwa hiyo hiyo, kazi.

Kaunsela akaniuliza, "Tangu mama aondoke unajisikiaje?" Nikamwambia niko sawa. Na sikuwa namdanganya, hapo naomba mnielewe, maana watu hudhani mtu wa hivi anaficha. Nilichungulia ndani kweli kweli nikakuta kimya. Basi nikaanza kumweleza mambo ya mirathi, karatasi gani imesainiwa, ipi bado, vyombo vimekwenda wapi. Akaniacha nimalize, halafu akasema taratibu, "Na huo mkono wa kulia?"

Nikauangalia. Nilikuwa nimefumba ngumi mpaka vifundo vimepauka. Nikaufungua kidole kimoja kimoja, ndani kuna ufunguo, meno yake yamejichora kwenye kiganja, vishimo vidogo vyekundu vimepangana, kimoja kimechubuka na damu inachungulia. Maumivu niliyasikia baada ya kuyaona, si kabla. Ulikuwa ufunguo wa mlango wa mama.

"Kinachoushika hivyo tukiiteje?"

Nikakaa kimya muda mrefu sana. Nikasema, "Tumbo."

"Tumbo ni mahali. Kilichokaa hapo ni nini?"

Nikajaribu hasira, haikukaa. Nikajaribu woga, ikakaribia kidogo. Mwisho nikasema, "Namtaka mama." Hata si jina la hisia, lakini ndo neno nililolipata.

Baadaye akanipa dodoso la maswali 20, nikapata 64, na kuanzia 61 ndo wanasema una aleksithimia. Jina hilo alilibuni daktari wa akili Peter Sifneos mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kukosa maneno ya hisia. Si ugonjwa, ni namna baadhi yetu tulivyo. Mi namba haikunigusa sana, kilichonigusa ni kaunsela alivyonieleza unyumbufu wa kisaikolojia, kwamba mtu anaweza kukaa na kinachomuuma na bado akafanya lile analolithamini. Nikaona kwa nini mimi nilishindwa, yaani utakaaje na kitu usichokijua? Kisicho na jina kwangu kilikuwa hatari tu, na hatari naijua njia moja, kukimbia. Ningejua ni majonzi labda ningelia, labda ningepokea simu.

Jioni ile nikampigia dada, tumbo limekaza vile vile, halikulegea hata kidogo. Nikamwambia, "Dada, tumbo linaniuma, nadhani namlilia mama." Akanyamaza, nikasikia anavuta kamasi. "Hata mimi," akasema. Tukakaa hivyo kwenye simu bila neno, na sikukata.

Mpaka leo majina yananijia kwa kuchelewa, mengine siku mbili baadaye, mengine hayaji kabisa. Asubuhi karatasi ilikuwa bado mezani. Nikaweka kidole kati ya sura inayolia na ile iliyonuna, nikamwambia mwanangu mama yuko hapa katikati, hajajua vizuri. Akachukua penseli akachora duara jipya palepale, akalitia macho, mdomo akauacha.

"Ukijua utaniambia," akasema, akaenda kuvaa viatu.