Dodoso, uraibu na bangili zisizoingia
Jamani hii kazi ya kuzunguka na dodoso za utafiti wa saratani yataka moyo. Jana hapa Lamu, mtaa wa Langoni, nimemkuta bibi mmoja barazani na kisahani chake cha uraibu wa kutafuna, jani la tambuu, kokwa ya popoo, chokaa na tumbaku kidogo, namuuliza anatafuna tangu lini akacheka mpaka mate mekundu yakamtoka, "mwanangu, tangu nilipoolewa". Sasa nimwambie nini, na shirika la utafiti wa saratani la WHO kule Lyon, Ufaransa, lilishatoa ripoti 2004 kwamba popoo lenyewe, hata bila tumbaku, linasababisha saratani. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanimiminia kahawa 😅

Ila kilichonikaa ni bintiye. Alikatwa titi, akapona, vigelegele vikapigwa. Sasa mkono wa kushoto umevimba, bangili haziingii, yeye adhani karogwa, kumbe tezi za kwapani zikitolewa maji ya mwili yaweza kukwama mkononi hata miaka baadaye, na hakuna aliyemwambia. Fomu yangu kwa waliotibiwa yauliza tu: yu hai au kafariki? Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma.