Siku kumi na kamera ndogo Walukuba

Vijana watatu wa mtaa wetu wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, walinijia jioni moja na bahasha yenye shilingi milioni moja na laki sita. Walikuwa wameichanga kwa miezi minane, wawili wakiendesha boda na binti mmoja akisuka nywele. "Mjomba, tutafutie kamera ya kuanzia," wakasema. Wanajua nimepiga picha za harusi miaka mingi, na wanajua kamera yangu ni nzito hata shingo huanza kuniuma bibi harusi hajatoka ndani. Niliwaambia sitawachagulia chombo ambacho sijakaa nacho.

Mpiga picha mwenzangu wa Kampala alikuwa anauza Olympus OM-D E-M10 Mark II, kamera ya mwaka 2015, pamoja na lenzi yake ya zumu (ya kuvuta karibu) ya milimita 14-42. Akanipa siku kumi za kuijaribu kabla ya malipo. Pamoja na betri na kadi, mwili wake una gramu 390 hivi, na lenzi ile nyembamba haifiki hata gramu 100. Inaingia kwenye mkoba wa kawaida wa begani, na kwa anayesafiri kwa boda, hilo si jambo dogo.

Swali lao la kwanza lilikuwa megapikseli. Hii ina 16, wakati simu zao zimeandikwa 50 kwa nyuma. Sikubishana nao. Nilichapisha picha moja ya kamera na moja ya simu kwa ukubwa wa A4, zote zimepigwa ndani ya chumba kimoja usiku, nikaziweka mezani. Waliziangalia kimya, kisha binti akasema ya simu imepakwa rangi kama ukuta. Sensa ya kamera hii, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa milimita 17.3 kwa 13, kubwa kuliko ya simu, na megapikseli 16 zinatosha A4 bila wasiwasi.

Jaribio lililonifungua macho lilikuwa Masese, ufukweni mwa ziwa, pale wanapoanika mukene, yaani dagaa. Tulifika saa sita mchana, jua limesimama, samaki wametandazwa na kung'aa kama bati jipya. Mama mmoja alikuwa akiwageuza. Tukamsalimu, tukamwomba ruhusa. "Pigeni," akasema, "lakini mniletee." Binti akapiga tatu. Samaki walitoka vizuri sana, ila uso wa mama ulikuwa kivuli kitupu.

Kamera haijui kilicho mbele yake. Hupima mwanga na kudhani dunia yote ni ya kijivu cha katikati, kwa hiyo ikikutana na weupe mwingi, wa samaki, wa kanzu au wa shela, huipunguza picha mwanga. Anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi aliyesimama kando ya weupe huo, yaani sisi. Nimeona albamu za nikaha ambamo kanzu ya bwana harusi inasomeka uzi kwa uzi na uso wake hautambuliki. Hilo linaniuma, kwa sababu picha ile ndiyo wajukuu watakayoonyeshwa.

Nilijifunza kulirekebisha kwa kamera yenye kioo ndani, ambayo ukichungulia unaona mambo kama jicho lilivyo. Kosa unaligundua ukishapiga. Hii haina kioo. Kwenye kitundu chake cha kuchungulia mna skrini ndogo, nayo inakuonyesha picha jinsi itakavyotoka kabla hujabonyeza. Kigurudumu cha juu, upande wa mbele, nilikuwa nimekipa kazi ya kuongeza na kupunguza mwanga. Nikamwambia binti, "Chungulia, usibonyeze. Zungusha taratibu kuelekea alama ya kujumlisha." Akazungusha. "Mjomba, uso unatoka!" Alipofika moja na theluthi mbili, akapiga. Samaki walipauka kidogo, mama akaonekana macho, mikunjo na tabasamu. Jambo lililonichukua msimu mzima wa harusi kulielewa, yeye alilielewa kabla hatujaondoka ufukweni.

Kuanzia hapo nilijua ninachokitafuta katika kamera ya mwanafunzi: impe kitundu kinachosema kweli, na kigurudumu ambacho kidole kinakifikia bila kuingia kwenye menyu. Kamera nyingi za bei nafuu huondoa hivyo viwili kwanza ili zipungue bei.

Ndani ya nyumba hadithi ilibadilika. Kulikuwa na dua kwa jirani, taa moja darini, watu wamebanana mkekani. Zumu ile, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga, hata likifunguka lote, ni f/5.6, na namba hiyo ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Mwili una kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na kweli kuta na mikeka ilitoka imetulia, lakini kifaa hicho hakiwezi kumtuliza shekhe anayeinua mikono. Watu wote walitoka wamefifia. Hapo dawa ni lenzi inayopokea mwanga zaidi. Tangu mwaka 2008 Olympus na Panasonic wamekuwa na mdomo mmoja wa kufungia lenzi, kwa hiyo niliazima ya Panasonic ya milimita 25, f/1.7, ambayo hupokea mwanga zaidi ya mara kumi ya f/5.6. Usiku uleule, taa ileile, picha zikawa safi. Lenzi ya 45 nayo hupendeza sana kwa nyuso, lakini hukutaka usimame mbali zaidi, na katika vyumba vyetu vya Walukuba ukirudi nyuma hatua mbili mgongo umegusa ukuta.

Yapo ambayo haifai. Inatafuta ukali wa picha kwa kulinganisha kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, na njia hiyo huchelewa kwa kitu kinachokukimbilia, basi anayetaka kuishi kwa picha za mpira atafute nyingine. Pia haichajiki kwa waya wa simu. Betri hutolewa na kuwekwa kwenye chaja ya ukutani, nayo hukadiriwa picha 320 tu. Umeme ukikatika siku ya harusi, huna la kufanya. Kwa hiyo betri ya pili niliihesabu kama sehemu ya kamera.

Siku ya kulipa niliikagua lenzi kwa tochi. Nilikwishaumia zamani kwa lenzi iliyoonekana mpya dukani, kumbe ndani imeota kuvu kama utandu wa buibui, na kwetu kando ya ziwa unyevu hauilazi kuvu njaa. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa pembeni, kisha geuza. Vumbi kidogo si kitu, ila nyuzi zenye matawi ziache hapohapo. Hii ilikuwa safi.

Kamera na zumu vilichukua milioni moja na laki moja. Wawili kati yao walitaka salio linunue flashi na begi zuri. Nilikataa, na tulivutana siku mbili nzima. Mwishowe salio lilikwenda kwenye lenzi ya 25 iliyotumika na betri ya pili, na begi wakashonewa na fundi wa mtaani kwa kitambaa cha turubai na sponji.

Picha ya Masese tuliichapisha. Mama aliifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea, akaitazama muda mrefu, akauliza kama tunaweza kurudi Jumapili, akiwa amevaa gomesi. Binti ndiye aliyekwenda, peke yake, na ile lenzi ya 25.