Mbwa wa Section 58 amerudi kwao

Jamani, bado mikono inanitetemeka.

Kuna mbwa mweupe mwenye sikio jeusi amekuwa akilala nje ya geti letu hapa Section 58, Nakuru. Amekonda, hana ukanda shingoni, na kila gari likipita anainua kichwa.

Leo mchana nikampeleka kwa daktari wa mifugo apate angalau dawa ya minyoo. Daktari akachukua kifaa fulani, akakipitisha taratibu katikati ya mabega yake.

Kikalia tii! Kwenye kioo zikatokea tarakimu 15.

Kumbe ana chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Haina betri wala haionyeshi mnyama yuko wapi. Inatoa namba tu ikisomwa, kisha namba hiyo inatafutwa kwenye sajili. Shukrani kwa Mungu, simu ya mwenyewe ilikuwa bado inapatikana. (Wengi hukwama hapo, wamebadilisha laini na sajili haijui.)

Jioni mzee mmoja akaja kutoka Lanet na mjukuu wake. Hawajafika hata mlangoni, mbwa ameshasikia sauti ya mtoto.

Alilia. Si kubweka, kulia! Akajikojolea palepale sakafuni, na mtoto akamkumbatia hivyo hivyo, na sare yake ya shule.

Mzee alikuwa amevua kofia, anarudia tu, "Asante Mungu, asante Mungu."

Wenye mbwa na paka, wenu wana chipu? Namba mliyoandikisha bado ni ile ile? Niambieni hapa.