Somo la Pili, Siku ya Tokeo la Bwana

Nilikuwa katekista kijana mwaka ule nilipopangiwa kusoma somo la pili katika Misa ya Tokeo la Bwana, sherehe ambayo wengine huiita Epifania na ambayo huadhimishwa tarehe 6 Januari au Dominika iliyo karibu nayo. Wiki chache kabla yake alikuwa amenijia mtu wa makamo akiomba kuanza mafundisho ya ubatizo. Kwa kuwa alitoka katika jamii ambayo watu wetu hawakupatana nayo, nilimwambia kwamba orodha ilikwisha kufungwa, arudi mwakani. Orodha haikuwa imefungwa. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake.

Usiku wa kuamkia sherehe niliisoma pia Injili ya siku hiyo, Mathayo sura ya 2, ingawa haikuwa zamu yangu. Mfalme Herode alipowauliza wakuu wa makuhani na waandishi, yaani wajuzi wa Maandiko, mahali ambapo Kristo angezaliwa, jibu walikuwa nalo tayari: Bethlehemu ya Uyahudi, na wakayataja maneno ya nabii. Bethlehemu iko kilomita zipatazo 9 tu kutoka Yerusalemu, lakini Mathayo hasemi kwamba hata mmoja wao alinyanyuka kwenda kutazama. Waliokwenda ni mamajusi, wageni kutoka mashariki (idadi yao Injili haiitaji, tunasema watatu kwa kuhesabu zawadi), ambao walimsujudia mtoto na kumtolea dhahabu, uvumba na manemane. Niliona aibu, kwa maana nami nilikuwa nimeketi na waandishi wale, nikiijua aya kwa moyo.

Asubuhi nilisimama mimbarini. Paulo anawaandikia Waefeso juu ya siri ambayo vizazi vingine hawakujulishwa, ya kwamba Mataifa, yaani watu wasio Wayahudi, ni "warithi pamoja nasi wa urithi mmoja". Siku zote neno "Mataifa" nililisoma kama jina la watu wengine. Kidole changu kilikuwa chini ya maneno "pamoja nasi" nilipong'amua kwamba asemaye "nasi" ni Paulo, Myahudi, na kwamba mimi, wazazi wangu na wote waliokuwa kanisani humo ndio Mataifa, tulioingizwa katika wokovu ambao hatukuwa na haki ya kuudai. Nilinyamaza kupita kiasi. Nilipoinua macho nikamwona yule mtu kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, mikono yake imetulia magotini.

Baada ya Misa nilimfuata nje, nikamweleza kweli yote: kwamba nilimdanganya, na sababu ilikuwa watu wake. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza iwapo maneno yale niliyosoma yameandikwa hivyo hivyo au nimeyaongeza mimi. Nikamfungulia kitabu. Aliyasoma mwenyewe, polepole, akaurudia mstari uleule mara mbili, halafu akanitajia jina lake, nami nikaliandika.