Funguo Tatu za Lushoto

Nilikwenda Lushoto kupumzika siku nne, mwezi wa saba. Siku tatu nazipitia haraka. Nilipanda Irente nikaitazama nyika kule chini mpaka macho yakachoka, nililala na soksi, na kila asubuhi nilioga maji ya ndoo, kwa sababu chumba nilichoambiwa kwenye simu kuwa kina maji ya moto hakikuwa nayo. Elfu arobaini kwa usiku, na mji uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari! Inaniuma mpaka leo. Bodaboda wa kwanza naye alinitoza elfu nane kutoka stendi. Kesho yake njia ileile nililipa elfu mbili.

Ninayotaka kusimulia ni Jumapili, siku ya soko.

Mama niliyekuwa nakunywa kwake chai ya tangawizi aliniona natetemeka, akanitupia kitenge chake mabegani. Saa saba na nusu akaanza kuosha vikombe. Nikamuuliza mbona anafunga mapema na watu bado wamejaa. Akasema saa nane ana kikundi. "Twende mdogo wangu, huko kuna moto."

Tulikuta watu sebuleni kwa mwanachama mmoja, kwenye mabenchi. Wanachama 27, wanaume wanne tu. Mezani kulikuwa na sanduku la chuma la bluu lenye kufuli tatu. Funguo mbili zilikuwa zimefika. Ya tatu ilikuwa sokoni na mwenyewe, ambaye karoti zake hazijaisha.

Tukangoja karibu saa nzima. Watu walichambua maharage, wakaulizana habari za wagonjwa, wakarudia bei ya viazi mbegu kwa uchungu mkubwa. Mimi wa Dar nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza mwenyekiti, mama mtu mzima, kwa nini funguo zote asizishike mtu mmoja anayekaa karibu.

Akaniangalia kwa upole. "Mwanangu, ukimpa mtu mmoja zote tatu, umempa na jaribu."

Mwenye ufunguo akaingia anahema, udongo wa karoti ungali vidoleni. Kabla hajakaa akaweka mia tano mezani, faini ya kuchelewa. Hakuna aliyemsema, naye hakujitetea. Kufuli zikafunguliwa moja moja, kila mtu na yake.

Nilidhani watafungua daftari. Mwenyekiti akauliza kwanza, "Mfuko wa jamii tuliufunga na shilingi ngapi?"

Kimya. Kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, kilemba cheupe, akajibu bila kuinua kichwa, "Laki moja themanini na saba na mia tano."

Wahesabu wawili wakazimwaga noti na sarafu mezani, wakahesabu kwa sauti, nyumba nzima ikifuata kwa macho. 187,500. Ndipo katibu akafungua daftari, nalo likasema hivyo hivyo. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba bibi yule hakwenda shule hata siku moja, na kwamba kila mkutano kazi ya wote ni kuondoka na hesabu kichwani, ili daftari lisiwe na siri na mtu.

Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, na leo Tanzania kila mtu anajua VICOBA ni nini. Hata mimi nilikuwa najua. Nilikuwa sijaona tu.

Wakaitwa kwa namba. Kila mmoja alisimama, akaenda mezani, akaweka hisa zake na elfu moja ya mfuko wa jamii, akagongewa muhuri kwenye kitabu, akarudi kukaa. Mmoja alikuwa na mtoto hospitalini. Akahesabiwa elfu ishirini mbele ya wote, akazipokea kwa mikono miwili.

Hapo nikakumbuka nyumbani. Sisi tulikuwa kumi na wawili, marafiki wa tangu shule. Mwanzo tulikutana kwa zamu, wali na maharage, watoto wakikimbia uani. Foleni za Dar zikatuchosha, tukahamia kwenye simu. Michango yote ikawa inaingia kwenye namba ya mmoja wetu, kwa sababu ndiye tuliyempenda na kumwamini kuliko wote. Siku alipoacha kupokea simu, tulimwita mwizi. Nilimwita hivyo mimi pia, na kwa sauti. Miaka miwili sijamsalimia. Pale kwenye benchi, nimejifunika kitenge cha mtu, niliona kwamba funguo zote tatu tulimkabidhi sisi wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza tulifunga na shilingi ngapi.

Kabla ya kufunga, mwenyekiti akataja salio jipya: 187,500, ongeza 27,000 na faini ya mia tano, toa elfu ishirini. Wote wakalirudia kwa pamoja mara tatu, hata watoto mlangoni. Kisha kufuli, moja, mbili, tatu.

Alfajiri nilirudisha kitenge nikapanda basi. Kilomita 33 za kona mpaka Mombo, kiti kimevunjika mgongo, nauli imepanda. Tulipopita maporomoko ya Soni nilikuwa bado naikariri: laki moja tisini na tano.