Kasisi akiingia wodini

Kasisi wa hospitali akiingia wodini madaktari wakiwa raundi, ameshaiharibu asubuhi yake. Asubiri raundi iishe na dawa zigawiwe, kisha aanzie kwa muuguzi wa zamu. Huyo ndiye anayejua nani anaingia chumba cha upasuaji leo na nani ametengwa kwa kifua kikuu.

Kwa mgonjwa, aombe ruhusa kwanza, kisha akae kwenye kiti. Akikaa kitandani godoro hutikisika, na mwenye mshono tumboni huumia. Mikono ioshwe kabla na baada ya kila mgonjwa. Dakika 10 zinatosha. Sala iwe ya sauti ya chini: Bugando ya Mwanza ni ya maaskofu Wakatoliki, lakini vitanda vyake vinalaza watu wa dini zote, na jirani hakuomba mahubiri.

Komunyo ina mtego wake. Kanisa Katoliki halimdai mgonjwa afunge kula kwa muda wa saa moja kabla ya kukomunika, lakini daktari humdai anayesubiri upasuaji asile wala asinywe. Muuguzi aulizwe. Anayemeza kwa shida anatoshwa na kipande kidogo sana.

Panapokosewa zaidi ni ubatizo wa dharura kwa watoto njiti. Mtoto akiwa hatarini, yeyote anaweza kubatiza, hata muuguzi asiye Mkristo, mradi akusudie lile Kanisa linalokusudia. Kinachotakiwa ni maji, si mafuta. Matone machache ya maji safi ya vuguvugu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yatiririke kichwani. Kumpangusa kwa pamba iliyoloweshwa huacha shaka. Amwagaye maji ndiye aseme: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Mmoja akimwaga na mwingine akitamka, hapo hakuna ubatizo. Kisha iandikwe: jina, wazazi, tarehe, aliyebatiza. Bila maandishi, miezi baadaye parokia itabaki ikibahatisha.

Mpako wa wagonjwa, yaani sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta, hutolewa na padre au askofu tu, na ni wa walio hai, kwa hiyo familia isingoje pumzi za mwisho ndipo impigie simu.

Kuhusu maneno, “utapona” ni ahadi ambayo kasisi hana. Mbaya zaidi ni sala inayomfanya mtu aache ARV, dawa za VVU. Mgonjwa akimnong'oneza kwamba hamezi dawa, amwombe ruhusa ya kumweleza muuguzi. Akiyasema hayo katika kitubio, yaani akiungama dhambi, padre hamwambii mtu. Anachoweza ni kumsihi mgonjwa aseme mwenyewe.